Mdundo Ulionyooshwa

Jumapili, 9 Juni

Kaka,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naanza nalo kwa sababu nikiliacha mpaka mwisho nitaghairi. Tangu mama afariki sijalia. Hata siku ya mazishi sikulia. Watu walipoona nimejifunika uso kwa mtandio walidhani ni machozi, kumbe nilikuwa nasoma kitambaa cha maelezo kilichoshonwa kwenye pindo. Kiliandikwa "usipige pasi ya moto". Nilikisoma mpaka tukarudi nyumbani.

Nakuambia hivyo kwa sababu wimbo wako wa pili unasema "mdogo wangu analia mpaka mto unaloa", na wewe umeniomba nikuandikie ubora na udhaifu wa albamu bila kukuonea haya. Basi udhaifu wa kwanza ni huo. Si kweli.

Flashi ilifika salama na basi la Alhamisi. Nimeisikiliza kwa hedifoni kwenye redio ya baba, kwa sababu mchana baba analala na unajua mlinzi wa usiku akiamshwa mchana anavyokuwa. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu mimi ni "ndiyo", "hapana" na "salama", halafu wewe unasema "halo? halo?" ukidhani mtandao umekatika.

Ubora. "Chumba cha Mbele" ni jina zuri la albamu. Halijigambi. Mtu ambaye hajawahi kufika kwetu ataelewa kwamba kulikuwa na chumba, kulikuwa na cherehani, na wateja waliingia bila kubisha. Wimbo wa tatu, ule wa mama kumtazama mteja akiwa bado mlangoni na kujua papo hapo kipimo cha kiuno chake, ndio bora kwa upande wa fani. Vina havijalazimishwa. Kwenye wa nne nilitaka kucheka, pale mteja anapolalamika kwamba gauni limembana na mama anamjibu, "Nguo haijapungua, dada, ni chakula kimeongezeka." Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema, na umemwachia aseme mwenyewe bila kumpambapamba.

Udhaifu. Wimbo wa tano una gari. Gari gani, kaka? Una baiskeli, na mara ya mwisho nilipoiona haikuwa na breki. Pia kuanzia wa saba mpaka wa kumi na mbili kila kiitikio kinalia. Mwalimu wetu wa fasihi anasema takriri ikizidi msomaji huacha kuisikia. Katika albamu nzima hakuna hata mtu mmoja aliyekaa tu. Wote wanapiga magoti, wanapasuka vifua, wanaiuliza mbingu. Mimi nawajua watu wa nyumba hii na hawako hivyo.

Kuhusu wimbo wa sita sina la kusema.

Mdogo wako,
Kamusi

*

Alhamisi, 13 Juni

Kamusi wangu,

Nilikuomba usikilize, sikukuomba usahihishe mtihani! Nimesoma barua yako studio kwa sauti, na prodyuza ameuliza nimepata alama ngapi kati ya mia. Nikamwambia, "Subiri, hajafika kwenye jumla." Kwenye habari ya baiskeli alicheka mpaka akamwaga chai juu ya kibodi. Kwa hiyo wewe ndiye wa kulaumiwa kama herufi M haifanyi kazi.

Gari nitalitoa. Sawa, umeshinda. Lile gari nililiweka kwa ajili ya vijana wa mtaani hapa, bila gari hawakusikilizi.

Ila kuhusu machozi tusikilizane. Wimbo si ripoti ya polisi. Nikisema analia, namaanisha nyumba inalia, sisi sote tunalia. Watu watakaosikiliza wamefiwa wao pia. Wanataka mahali pa kulilia. Wewe kama hukulia, sawa, sikulaumu, kila mtu na moyo wake. Lakini nikwambie ukweli, barua yako niliposoma nilihisi baridi. Umeandika kuhusu mama kana kwamba ni mhusika kwenye kitabu cha shule.

Halafu unaniambia kuhusu wa sita huna la kusema! Huo ndio moyo wa albamu. Nyimbo nyingine zote ni kuta tu, huo ndio chumba chenyewe. Hebu nikueleze ulivyotengenezwa, labda hukuelewa. Unakumbuka nilipokuja likizo ya mwisho wa mwaka, nikaweka simu juu ya meza ya cherehani nikamwambia mama, "Shona chochote, nataka sauti"? Basi ile ndiyo ngoma. Kile kishindo unachosikia si ngoma ya kweli, ni kanyagio. Ule mlio wa juu ni sindano.

Lakini rekodi yenyewe ilikuwa mbovu mno. Cherehani ilikuwa inakosea. Inakwenda, inasita, inakwenda, inaruka. Nadhani mkanda ulikuwa umelegea. Mimi na prodyuza tulikaa tukakata kila kishindo kimoja kimoja, tukakiweka kwenye mstari wake mpaka ukanyooka. Sasa unatembea kama saa ya ukutani. Na juu yake ndiyo nikaweka ule mstari wa "miguu miwili kama injini, mama hajui kuchoka". Kila anayeusikia hapa ananyamaza.

Wewe peke yako ndiye huna la kusema. Sema kitu, hata kama ni kibaya. Kazi inafungwa mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo haibadiliki tena.

Kaka yako,
Pindo

*

Jumapili, 16 Juni

Kaka,

Sikukusudia kukuletea baridi. Mshauri wa shule naye aliniita ofisini wiki hii akaniuliza ninajisikiaje. Nikasema salama. Akaniuliza tena kwa sauti ya chini zaidi, nikasema salama kwa sauti ya chini zaidi. Akanipa pipi. Bado iko kwenye mkoba.

Nyumbani hakuna kilichobadilika. Wateja bado wanakuja kuchukua nguo zao. Jana alikuja baba mmoja kudai shati la shule la mwanawe. Nikalitafuta nikalikuta lina mkono mmoja, mwingine umeshikizwa kwa pini. Nikampa hivyo hivyo. Akalishika kwa mikono miwili akasema, "Hapana, mwanangu, acha likae hapa." Nikalirudisha kwenye kamba. Sikujua nifanye nini kingine.

Umenitaka niseme kitu kuhusu wimbo wa sita. Nimeusikiliza tena. Sauti yako imetulia vizuri kuliko kwenye nyimbo nyingine zote, hupigi kelele, na pumzi unaikata mahali panapofaa. Udhaifu ni kwamba mdundo uko sawa mno. Ungeniuliza mimi, ningekushauri urudishe rekodi kama ilivyokuwa, na ule mstari wa miguu miwili uutoe. Huo ni ushauri wangu tu.

Baba anakusalimu. Anasema ukipata nafasi umtumie soksi nzito, kule getini kuna upepo.

Mdogo wako,
Kamusi

*

Alhamisi, 20 Juni

Kamusi,

Soksi nimezitia kwenye kifurushi hiki, jozi mbili.

Nilimwekea prodyuza ile rekodi ya mwanzo kwa heshima yako. Alisikiliza kidogo akaniuliza, "Huyu nani anachechemea?" Kisha akasema, "Bwana, nani atatikisa kichwa kwa mdundo unaochechemea? Atavunjika shingo." Na yuko sahihi. Haufai. Huwezi kughani juu ya kitu ambacho hujui kitaanguka wapi.

Kila kitu kingine umenipa sababu yake. Gari, machozi, takriri, hata pumzi zangu. Kwenye huu, ambao ni wa mama, unaniambia "ni ushauri wangu tu". Mimi nakujua tangu ulipokuwa unaficha vitabu chini ya godoro. Ukiandika kifupi una jambo. Kama unalo, liseme. Kama huna, niachie wimbo wangu jinsi ulivyo. Huo mstari wa miguu miwili ndio mstari bora niliowahi kuandika, siutoi kwa sababu ya ushauri.

Nakusubiri mpaka mwisho wa mwezi.

Pindo

*

Jumapili, 23 Juni

Kaka,

Mkanda haukuwa umelegea.

Ile cherehani inaendeshwa kwa miguu yote miwili. Mmoja unakanyaga kwa kisigino, mwingine kwa vidole, zamu kwa zamu, na ndiyo maana kishindo chake kinatoka sawasawa. Mtu akitumia mguu mmoja, kanyagio linashuka vizuri lakini haliwezi kupanda lenyewe. Gurudumu linafika juu linataka kusimama, na fundi inabidi alisukume kwa mkono. Kwa hiyo unasikia linakwenda, linasita, mkono unagusa, linaruka. Hicho ndicho ulichorekodi. Ulichokikata na kukinyoosha ni mguu wa mama.

Mguu wa kulia ulikuwa umeanza kuvimba kabla ya likizo. Alikuwa hawezi kuuvalisha kiatu. Ulipokuja alivaa lile gauni refu la kijani, na kila ulipoingia chumba cha mbele alikuwa ameshakaa, hukumkuta anatembea. Ulipomwambia ashone chochote alichukua kipande kilichobaki kwenye shati la shule. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilidhani utasikia. Ulikuwa umefumba macho unatikisa kichwa, nikajua sasa umesikia. Ukafumbua macho ukasema, "Mama, hii ni dhahabu!" Akacheka.

Ulipokwisha kuondoka nilimletea beseni la maji ya moto. Akatia mguu, akaniambia, "Usimwambie. Akijua atabaki, na akibaki atakuwa ananiangalia mimi badala ya kuangalia maisha yake. Umenisikia?" Nikasema ndiyo. Baba naye alikatazwa. Na unajua baba, mama akimkataza jambo alikuwa anatii haraka kuliko mimi.

Baadaye daktari alisema ni moyo, kwamba mguu ulikuwa unatoa taarifa tu. Tulipokupigia simu alikuwa ameshalazwa, na ulipofika hakuwa anatambua mtu. Mimi nilikuwa najua tangu likizo.

Ndiyo maana kuhusu wimbo wa sita sikuwa na la kusema. Si kwamba sikuuelewa.

Ukisoma barua hii huenda hutataka kuniandikia tena. Nimelifikiria hilo. Nimeona ni afadhali hivyo kuliko albamu itoke na kila mtu aambiwe mama alikuwa na miguu miwili kama injini, na mimi niwe nasikiliza.

Kamusi

*

Jumapili, 30 Juni

Kaka,

Mwezi unaisha leo. Sijui kama mmeshafunga kazi. Baba ameniuliza kama umepiga simu, nimesema hapana. Akauliza kama tumegombana. Nikasema sijui, na ni kweli sijui.

Mitihani imeanza. Ya fasihi ilikuwa rahisi. Kulikuwa na swali la ubora na udhaifu wa kazi moja uliyoisoma. Sikulijibu, nilichagua jingine.

Soksi zimemtosha baba.

Kamusi

*

Alhamisi, 4 Julai

Mdogo wangu,

Kazi haijafungwa. Nilimwambia prodyuza mimi ni mgonjwa, na sikuwa nadanganya sana. Nilifunga mlango nikalala na viatu.

Barua yako niliisoma nikaikunja. Nikaikunjua nikaisoma tena nikitafuta mahali ulipokosea. Nikatafuta kwenye simu picha za ile likizo. Katika kila picha mama amekaa. Kila moja! Amekaa kwenye cherehani, amekaa kwenye benchi la wateja, amekaa mezani na wewe na baba mmesimama nyuma yake kama walinzi. Nilizipiga mwenyewe.

Nakwambia nilivyo, sitakupamba. Nina hasira na wewe. Ulikuwa na muda wote ule wa kuniambia. Nina hasira na mama pia, na yeye siwezi kumwandikia, kwa hiyo yako na yake zote zinakuja kwako. Siwezi kusema nimekusamehe. Sijafika huko, na usiniulize lini.

Jumatatu nilikwenda studio nikaomba ile rekodi ya mwanzo. Alikuwa hajaifuta. Nilizima taa nikaisikiliza kwa hedifoni kama wewe. Sasa nasikia kila kitu. Nasikia mkono unapogusa gurudumu. Kuna mahali anavuta pumzi kabla ya kukanyaga. Zamani nilidhani ni kelele ya simu, tuliiondoa kabisa.

Nikajaribu kughani juu yake. Miaka yote hii nimeghani juu ya kila aina ya mdundo, hata siku umeme ulipokatika nilighani juu ya makofi ya watu. Huu sikuweza. Naanza mstari, mama anasita, mimi nimeshapita. Narudi nyuma kumsubiri, yeye ameruka. Prodyuza alisimama nyuma ya kioo akaacha utani. Mwisho akaniambia, "Pindo, wewe bado unataka kumkimbiza." Nikavua hedifoni nikatoka.

Kwa hiyo hali ni hii. Nyimbo kumi na moja ziko tayari. Gari limetoka. Machozi yako nimeyatoa, sasa mstari unasema "mdogo wangu hasemi kitu", na vina vimekaa vizuri zaidi, sipendi kukubali lakini ndivyo. Wa sita una cherehani peke yake, hakuna mtu juu yake. Prodyuza anasema wimbo hauwezi kuwa mashine tupu. Ama upate sauti, ama tuutupe.

Mimi siwezi. Wewe ulikuwa mlangoni, ulisimama ukaona. Ulisema albamu nzima haina mtu aliyekaa tu bila kupasuka kifua. Basi kaa wewe. Sihitaji kina wala urembo, na usijifanye unaimba, utatuaibisha sote wawili. Rekodi ya mwanzo nimeitia kwenye flashi hii. Tumia simu ya baba, ingia mahali penye nguo nyingi zilizotundikwa, nguo zinameza mwangwi. Ukiweza, itume ifike kabla ya Jumatatu. Ukikataa, mama anatoka kwenye albamu, na sitakulaumu kwa hilo pia.

Kaka yako,
Pindo

*

Jumapili, 7 Julai

Kaka,

Flashi niliituma jana mchana bila barua, ili isikose basi. Hii inafuata kukueleza nilivyofanya, maana najua prodyuza atauliza.

Sijafanya ili unisamehe. Ungesema hivyo ningekataa.

Nilisubiri baba alale. Mahali penye nguo nyingi zilizotundikwa ni chumba cha mbele tu, kwa hiyo nilifunga dirisha na mlango na kusogeza kamba ya nguo za wateja mpaka ikawa kama ukuta. Nikakaa kwenye benchi nyuma yake. Niliweka hedifoni sikio moja ili nimsikie mama, sikio jingine nikaliacha wazi ili nimsikie baba.

Mara ya kwanza nilisoma kama ninavyosoma mbele ya darasa, haraka, nikitaka kumaliza. Nikaifuta. Mara ya pili nilijaribu kutia huzuni na nikasikika kama mtu anayeuza dawa redioni. Nikaifuta. Mara ya tatu sikuandika chochote. Nilimsubiri akanyage, nikasema anachofanya, alipotua nikanyamaza, alipoendelea nikaendelea. Si kazi ngumu ukiacha kutaka afike. Nilisema hivi, nakuandikia kama sauti haitasikika vizuri:

"Huyu ni mama. Anashona kwa mguu mmoja. Hapo anasukuma gurudumu kwa mkono. Kitambaa alichoshika ni kipande cha shati la shule, hakitakuwa nguo ya mtu. Hapo anavuta pumzi. Kaka yangu amekaa karibu na simu, amefumba macho, amefurahi. Mama anamtazama yeye, hatazami sindano. Hapo tena kwa mkono. Mimi nimesimama mlangoni. Najua. Sisemi."

Nilikuwa bado sijazima simu baba alipokohoa, akatoka na shuka begani. Alizitazama nguo zote zilizosogezwa. Akauliza, "Unaongea na nani huko?" Nikasema, "Na kaka." Nilidhani atauliza habari ya simu yake. Akasema, "Mwambie ale," akarudi kulala.

Hayo nayo yameingia kwenye rekodi. Sikuyakata. Uyakate wewe ukitaka, lakini kwa maoni yangu yanafaa kubaki, na huo si ushauri tu.

Udhaifu wa nilichotuma naujua. Sauti ni ndogo mno, kwa sababu nilikuwa naogopa kumwamsha baba. Pale kwenye "amefurahi" ulimi umeteleza. Na haina mwisho. Inaishia tu mahali mama alipoishiwa na kitambaa.

Baada ya hapo nilirudisha kamba mahali pake, nikahamishia sauti kwenye flashi kwa kompyuta ya jirani, nikaipeleka ofisi ya mabasi. Karani aliuliza ndani kuna nini, nikamwambia muziki. Akaandika "muziki" kwenye bahasha, akaitupa kwenye kapu pamoja na vifurushi vingine. Nilingoja mpaka basi likaondoka. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikapakua sahani mbili, nikamwamsha baba kwa sababu muda wake wa kwenda kazini ulikuwa umefika.

Mdogo wako,
Kamusi